Tunalipia spea, hatulipii kutafuta

Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 likianza kunuka kuungua, wengi wetu tunashusha vioo na kuendelea na safari. Siku harufu inapokataa kuondoka, gari linapelekwa gereji na mwenyewe anasema, "Fundi, kuna kitu kinaungua humu." Boneti inafunguliwa, fundi anachungulia, anagusa hapa na pale, kisha anataja spea. Spea inanunuliwa, inafungwa, fundi analipwa ufundi wake na watu wanaagana vizuri. Baada ya wiki chache harufu imerudi, na safari hii inatajwa spea nyingine. Mwisho wa yote mwenye gari anamwita fundi tapeli, na fundi naye ana lake la kusema kuhusu wateja wa bei chee. Naona wote wawili wanaipeleka lawama pasipostahili. Mafundi wetu tunawalipa kwa kufungua na kufunga, na wapo wanaojazia riziki kwa chochote wanachopewa na duka la spea. Muda wa kutafuta tatizo tunauhesabu kuwa wa bure. Kazi isiyo na malipo hufanywa juujuu hata na mtu mwaminifu, na harufu ya kuungua ndiyo inayoonyesha hasara ya utaratibu huu kuliko tatizo jingine lolote la gari, maana malalamiko ni yaleyale, vyanzo ni vingi, na kimojawapo kinaweza kuliteketeza gari zima barabarani.

Kuna watakaosema kwamba gari la zamani halikosi harufu, na kwamba aliyenunua gari lililotumika Japani ameshakubali kuishi nalo. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Magari yetu mengi yaliingia yakiwa na umri tayari. Kenya inakataa kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15, na Tanzania imechagua kuyaongezea ushuru yaliyozeeka. Lakini sheria zote hizo zinahusu siku ya kushuka bandarini tu. Baada ya hapo hakuna anayehesabu. Toyota IST za toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, bado zimejaa kwenye foleni za Dar es Salaam. Katika umri huo mpira wa gasketi na sili umekakamaa kwa joto, hozi zimepasukapasuka, na plastiki inayofunika nyaya imekauka kiasi cha kukatika ukiikunja. Uzee basi unaeleza kwa nini gari limeanza kuvuja au kupata moto. Hauelezi linavujia wapi, wala hauwezi kutuambia kama harufu ya leo ni ileile ya mwaka jana. Tena pua hudanganya: ikikaa na harufu kwa dakika kadhaa huacha kuisikia. Ndiyo maana abiria anayeingia garini akauliza "mbona kunanuka?" anastahili kusikilizwa kuliko dereva aliyeshinda humo tangu asubuhi.

Tuanze na chanzo cha kawaida kabisa, oili. Gasketi ya tapeti kava ikichoka, oili hutambaa polepole ubavuni mwa injini na kudondokea manifoldi ya ekzosi, ambayo joto lake hufika nyuzi mia kadhaa. Harufu yake ni nzito na inakaba koo, na huja zaidi gari linaposimama kwenye taa au baada ya kuegeshwa, kwa sababu upepo uliokuwa ukiipeperusha haupo tena. Fundi akiona oili pale, anataja gasketi, na mara nyingi anapatia. Shida ni pale gasketi mpya inapoanza kuvuja baada ya miezi michache. Ndani ya injini, gesi za mlipuko hupenya kidogo kando ya ringi za pistoni na kujikusanya chini kwenye oili. Kuna valvu ndogo, PCV, kazi yake ni kuziruhusu gesi hizo zirudi kwenye njia ya hewa zikaungue tena. Valvu hiyo ikizibwa na tope la oili, gesi zinakosa pa kutokea, shinikizo linapanda, na oili inasukumwa nje kupitia gasketi au sili yoyote iliyo dhaifu. Ukibadilisha gasketi peke yake umeondoa alama, sababu umeiacha. Fundi mwingine, akiona kazi yake inarudi, hupaka silikoni nyingi ili "isivuje tena", na silikoni iliyozidi hujikatia vipande ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Kuikagua PCV hakuhitaji mashine. Kwa aina nyingi unaichomoa na kuitikisa. Nzima hulia kachakacha, iliyokwama hunyamaza. Unaweza pia kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma taratibu, ukasikiliza kama inapumua nje kwa nguvu. Ikipumua hivyo hali valvu ni nzima, basi swali linahamia kwenye ringi zenyewe, na hapo mazungumzo ya pesa yanakuwa mengine kabisa. Ni dakika chache, lakini angalia hesabu ya fundi. Akisema "gasketi", anapata ufundi wa kufungua na kufunga, na pengine chochote kutoka dukani. Akisema "kuna kivalvu kimeziba, nimekisafisha", mteja anampa asante na hela ya soda. Utaratibu wetu wa malipo unamwadhibu fundi aliyepatia.

Hata kabla ya kufika huko, kuna suala la kuosha injini. Gereji nyingi hukimbilia kuipiga injini maji ya presha ili "kuona vizuri", na kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi wote: mkondo wa oili uliokuwa ukionyesha njia, vumbi lililoganda mahali penye unyevu, alama nyeupe za maji ya rejeta yaliyokaukia kwenye hozi. Mpangilio wenye akili ni kutazama kwanza kwa tochi, kuanzia juu kushuka chini kwa kuwa oili hushuka, kupiga picha kwa simu, ndipo kuosha. Kisha gari liendeshwe mpaka lishike joto, liegeshwe juu ya kipande cha boksi safi, litazamwe tena. Kazi hiyo inaweza kumaliza nusu siku na spana haijaguswa. Kwa macho ya mteja aliyesimama pembeni na funguo mkononi, fundi huyo amekaa bure.

Breki zina hadithi ileile. Harufu kali inayochoma pua, inayotoka kwenye gurudumu moja, kwa kawaida hupewa jibu la "pedi zimekwisha". Pedi hubadilishwa na zile mpya nazo zinaungua, kwa sababu kilichokuwa kibovu ni kitu kinachozizuia zisiachie. Inaweza kuwa pini za kalipa zilizokauka grisi, pistoni iliyopata kutu, au hozi ya breki iliyovimba kwa ndani: inaruhusu mafuta ya breki kupita mguu unapokanyaga, kisha inayazuia kurudi. Kuzitenganisha sababu hizi ni jambo la kuinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Likiwa limekaba, legeza ile nati ya kutolea upepo. Gurudumu likiachia, shinikizo lilinaswa kwenye njia ya mafuta. Likiendelea kukaba, tatizo liko kwenye kalipa yenyewe. Na hapa kuna zaidi ya gharama ya pedi. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na kiwango cha chini kinachokubalika yakiwa na unyevu ni nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, gurudumu lililokaba linaweza kuyachemsha, na mafuta yaliyochemka huwa na mvuke ndani yake. Mvuke hubanwa. Kanyagio linazama mpaka chini na gari halishiki.

Vyanzo vingine havinihitaji nikae sana. Klachi inayosuguliwa kwenye foleni hunuka karatasi iliyoungua, na dawa yake ya kwanza ni kuondoa mguu. Mkanda wa alteneta unaonuka mpira huenda hauna kosa lolote, beringi ya puli imekwama na mkanda unaburuzwa juu yake. Kulanti ikivuja hunuka utamu utamu, ila wengi wetu tunajaza maji ya bomba kwenye rejeta, kwa hiyo onyo hilo tumejinyima wenyewe na tunabaki na mshale wa joto peke yake. Pedi mpya hunuka siku za mwanzo, oili iliyomwagika wakati wa kujaza huungua ikaisha, na mfuko wa plastiki uliookotwa barabarani ukagandia ekzosi unaweza kunuka safari nzima (marufuku ya mifuko hiyo ilianza Kenya 2017 na Tanzania 2019, lakini vifungashio bado vipo tele). Fundi anayelala chini ya gari akaukwangua mfuko huo amemaliza kazi, na spea ya kuuza hana.

Umeme ndio unaonifanya niseme jambo hili kwa sauti. Harufu ya plastiki inayoyeyuka, ambayo wakati mwingine hufanana na shombo ya samaki, ikisikika ndani ya gari, maana yake kuna waya au soketi inapata moto kuliko ilivyokusudiwa. Magari yetu hupitia mikono mingi: redio imebadilishwa, alamu imefungwa, taa za ziada zimeunganishwa kwa kukwangua waya na kuzungushia solotepu. Chukua taa kubwa za mbele. Taa mbili za wati 55 kwenye volti 12 huvuta takriban ampea 9. Ukifunga za wati 100 kwa kutaka mwanga zaidi, mkondo unakaribia ampea 17, na kwa kuwa joto la waya hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, waya uleule wa kiwandani sasa unazalisha joto zaidi ya mara 3. Soketi inaanza kugeuka rangi ya kahawia, kisha inalainika. Fyuzi ikikatika, mtu anatoa ya bluu, yaani ampea 15, na kuchomeka ya kijani ambayo ni ampea 30, au anazungushia uzi wa waya ili "isikatike tena". Fyuzi iliwekwa kuulinda waya. Ukishaiongezea nguvu, kinachokatika kwanza ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, penye sponji na mazulia.

Kuitafuta hitilafu ya namna hiyo ni kazi ya kuchosha. Fundi umeme hukagua boksi la fyuzi akitafuta miguu iliyoungua, hupima kwa mita njia moja baada ya nyingine, hutoa redio, huchomoa vifaa vya ziada kimoja kimoja, hushika waya kuona upi una joto. Saa tatu zinaweza kupita na matokeo yakawa kiungio kimoja kilicholegea, kinachotengenezwa kwa dakika 5. Nani atamlipa saa tatu kwa kiungio? Kwa kuwa anajua hakuna, anabadilisha fyuzi, gari linawaka, mteja anaondoka. Na magari mengi ya umri huu yana bima ndogo tu, ile ya kufidia wengine. Gari lako likiungua, majivu ni yako. Kwa dharura yenyewe sina ubishi na yeyote: harufu ya waya ikisikika ndani, simama, zima, teremsha watu, chomoa terminali hasi ya betri kama hakuna moto. Moshi ukiwa unafuka kwa nguvu chini ya boneti usiifungue, maana unaukaribishia moto hewa, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa Tanzania ni 114.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la uzoefu. Fundi aliyekaa gereji miaka 25, linasema, anajua kwa kunusa, hana haja ya kulipwa apime. Wapo wa hivyo kweli. Lakini tukumbuke tulivyotibu homa. Kwa miaka mingi kila homa ilihesabiwa malaria na mgonjwa akapewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na siku hizi kipimo cha haraka kipo hadi zahanati za vijijini. Waganga wa zamani uzoefu walikuwa nao. Uzoefu huo uliwaambia kinachotokea mara nyingi; haukuweza kuwaambia kilichomo kwenye damu ya huyu aliyekaa mbele yao. Fundi mzoefu naye, akinusa oili, anajua gari kumi zilizopita zilikuwa na nini. Uzoefu wake unafaa sana kumwelekeza aanzie wapi kutafuta, na ndiyo sababu muda wake wa kutafuta una thamani kuliko wa kijana aliyeanza juzi.

Wengine watasema siku hizi kuna kompyuta, unachomeka mashine na gari linajisema. Mfumo huo wa kusoma makosa, ambao Marekani ililazimisha kwa magari ya kuanzia 1996, ulikusudiwa hasa kuchunga moshi unaotoka kwenye ekzosi. Unasoma kile ambacho vihisi vimerekodi. Plagi au koili ikiharibika, mafuta yasiyoungua yakafika kwenye kataliti na kuipasha moto mpaka inanuka mayai viza, hapo mashine itasaidia. Kwa oili inayodondokea manifoldi hakuna kihisi. Kwa kalipa iliyokaba hakuna, kwa redio iliyounganishwa na solotepu hakuna pia. Mashine inaweza kuonyesha gari safi kabisa huku dashibodi inafuka. La kuchekesha ni kwamba watu wako tayari kulipia kuchomekwa mashine kwa dakika 10, ila hawako tayari kulipia nusu saa ya mtu mwenye tochi.

Linabaki la pesa, na hapa sitaki kujifanya halina uzito. Mwenye gari la zamani mara nyingi amelinunua kwa kujibana, na kumwambia alipie kutafuta na kisha alipie kutengeneza kunasikika kama kulipa mara mbili. Lakini tayari analipa mara mbili, tatu. Tofauti ni kwamba malipo yamevaa jina la spea. Gasketi ambayo haikuhitajika, pedi zilizoungua kabla ya wakati, ufundi wa kufungua kitu kilekile tena, vyote hivyo ni gharama ya kutafuta kwa kubahatisha. Wapo wanaopendekeza njia ya kati: fundi atoze ada ya kutafuta, kisha aikate kwenye bei ya matengenezo mteja akibaki kwake. Inapendeza masikioni, mimi siipendi. Ada inayorudi ukitengeneza humfanya fundi awe na kila sababu ya kukuta kitu cha kutengeneza, na yule aliyekwangua mfuko wa plastiki anaonekana ghali kuliko aliyeuza kalipa nzima. Ada isimame peke yake, ilipwe hata jibu likiwa "hakuna kibovu".

Je, haitakuwa mlango mwingine wa kupigwa? Fundi asiye mwaminifu atakaa kivulini saa mbili, aje na jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo. Inawezekana, na kinga yake ni kudai kuonyeshwa. Tatizo lililopatikana kweli huonekana: mkondo mbichi wa oili unaoanzia mahali fulani, gurudumu moja la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, pedi ya ndani iliyoliwa hali ya nje ni nene, soketi iliyogeuka kahawia, mita inayosoma tofauti waya ukichomolewa. Fundi asiyeweza kuonyesha amepiga ramli, na ramli hailipiwi. Mwenye gari naye ana wajibu ambao hauna gharama. "Kuna kitu kinaungua" haimsaidii mtu. Inanuka ndani au nje? Ikipanda mlima, ikisimama, ikifunga breki, au feni ya AC ikiwashwa? Ilianza kabla au baada ya kufungwa ile alamu? Maelezo ya namna hiyo yanaweza kupunguza saa ya kutafuta, na saa hiyo sasa ni pesa yake.

Wanaoweza kuanza mapema ni wenye magari mengi: shule, ofisi, wamiliki wa daladala. Hao tayari hujaza makaratasi ya matengenezo yenye safu ya spea na safu ya ufundi. Safu ya tatu, ya kutafuta, haihitaji sheria ya Bunge. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ambayo imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, ingeweza kumpa mtahiniwa gari lenye hitilafu iliyofichwa na kumtaka aionyeshe kabla ya kugusa spana. Kwa mwenye gari moja, makubaliano yafanyike boneti ikiwa bado imefungwa: muda gani, kwa shilingi ngapi, na nini kitaonyeshwa. Kisha aache funguo, na kikaratasi kinachosema gari linanuka lini.